Uso Nilioupeleka Ngenge

Kioo chetu kilikuwa kipande tu, kikubwa kidogo kuliko kiganja, kimebanwa kwa misumari kwenye nguzo ya jiko la nje. Kilivunjika kabla sijaanza kuota ndevu, na hakuna aliyekumbuka vipande vingine vilienda wapi. Ukitaka kuona shavu la kulia ulisogea kushoto. Ukitaka kuona kidevu ulipiga magoti. Mama alisema kioo kile kinafundisha unyenyekevu. Mimi kilinifundisha wasiwasi, maana sikuwahi kuuona uso wangu wote kwa mara moja, na nilichokosa kukiona nilikijaza kwa mawazo.

Nilikuwa mwalimu wa kisomo Kamachumu, miaka ile ya ujamaa ambapo kila mtu mzima alitakiwa ajue kusoma na kuandika. Nasema mwalimu, lakini nilikuwa na darasa la saba tu, na baadhi ya wanafunzi wangu walikuwa wazee waliosomesha watoto wao kwa kahawa mpaka wakawa na vyeo mijini. Tulikutana alasiri kwenye ghala la kahawa. Mimi nilisimama mbele yao na ubao, nao walinitazama usoni, kwa sababu mtu asiyejua kusoma bado hana pengine pa kutazama.

Mwenyekiti wa kijiji alitaka walimu wa kisomo wanyoe ndevu kila siku. "Mwalimu ni mfano," aliniambia. "Mwalimu mwenye ndevu ni kama shamba lenye magugu." Sikuona kosa katika hilo, na hata leo sina hakika kama lilikuwa kosa. Yeye mwenyewe alinyoa kila asubuhi na kidevu chake kilikuwa laini kama yai. Tatizo lilikuwa kidevu changu. Ndevu zangu hujikunja. Ukizikata leo, kesho ncha zinarudi zinachimba ngozi, na pale zinapoingia kunainuka kipele. Ukinyoa tena unakata kipele na ndevu kwa pamoja. Shingo yangu ilikuwa kama ya kuku aliyenyonyolewa. Sabuni ilikuwa adimu, na ilipofika dukani ilikwenda kwanza kwa kufulia na kwa watoto wachanga, na ndivyo ilivyopaswa. Basi nilinyoa kwa maji baridi, kwa wembe ambao baba mdogo alikwisha kuutumia, tuliounoa kwa kuusugua ndani ya glasi.

Mwanamume kulalamikia ngozi yake halikuwa jambo la kusemwa. Wanawake walikuwa na samli yao, na shangazi wa kuwakanda kabla ya harusi. Mwanamume alikuwa na maji. Vijana wa chama walikwisha kupiga marufuku krimu za kung'arisha uso, pamoja na sketi fupi na suruali za kubana, na mwanamume aliyeonekana akijipaka chochote usoni alisemwa kwamba anatafuta uzungu. Nisiwaonee vijana wale. Krimu zile ziliharibu watu; nilimwona Bukoba mjini mama mmoja mwenye mashavu mekundu kama nyama mbichi na mikono myeusi kama kawaida. Lakini marufuku ile iliziba pia midomo. Sikuwa na mtu wa kumwuliza mwanamume afanye nini na vipele.

Haya yote yangekuwa madogo kama nisingekuwa nataka kuoa.

Binti niliyemtaka alikuwa naye mwalimu wa kisomo, kutoka Ngenge, katika kijiji kipya ambako baba yake alihamia na kupanda migomba upya. Tulijuana kwenye mafunzo ya walimu pale Muleba. Alikuwa na sauti ya chini, na alikuwa anasema jambo mara moja tu. Siku tulipokubaliana kwamba watu wangu waende kwao kuposa, nilimwuliza wataniuliza nini. Nilikuwa na hofu ya dini, maana wao walikuwa Walutheri na sisi Wakatoliki.

"Dini watazungumza wazee," akasema. "Kwetu wewe watakutazama ngozi."

Nilidhani anatania. Akanieleza. Shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake, aliolewa akiwa msichana na mtu aliyekuwa na ukoma. Walipokuja kuposa, yule mtu alikuwa na doa mgongoni na wenzake walijua, wakamvalisha koti. Shangazi alimwuguza miaka mingi, mpaka walipokuja kumchukua kumpeleka kwenye makao ya wagonjwa. Akarudi kwa kaka yake peke yake, na kwa muda mrefu majirani walikataa kunywa kwa kikombe alichokigusa. Tangu hapo hakuna binti wa nyumba ile aliyeposwa kabla shangazi hajamtazama mwanamume kwenye mwanga.

"Ananitazama wapi?" nikauliza.

"Usoni. Masikioni. Mikononi." Akanitazama yeye mwenyewe, kama vile anaanza kazi ya shangazi. "Ukiwa na kipele, sema ni kipele. Shangazi hakasirikii ugonjwa. Anakasirikia kuficha."

Nikarudi nyumbani nikiwa na furaha kidogo na hofu nyingi. Kwangu huwa ndivyo.

Wiki ile ya kwenda Ngenge nilitaka uso uwe safi kuliko siku zote, na hapo ndipo nilipouharibu. Nilinyoa nikiwa nimeharakisha, wembe ukachana shavu chini ya sikio mpaka karibu na kidevu. Damu ikawa haikatiki. Nilikuwa kibanjani, shamba letu la nyumbani, na migomba imenizunguka. Sasa kwetu, mtu akijikata na panga shambani, anakata jani la mgomba, anakamua utomvu, anapaka penye jeraha, damu inakata. Nimefanya hivyo kwenye mguu na kwenye kidole tangu utotoni. Na kila mtu kwetu anajua vilevile kwamba utomvu wa mgomba hautoki. Shati likiguswa na utomvu, basi limekuwa shati la shamba mpaka litupwe. Mambo haya mawili niliyajua yote. Sikuwahi tu kuyakutanisha usoni.

Damu ilikata. Kufikia jioni shavu langu lilikuwa na michirizi ya kahawia, kesho yake ikawa myeusi, kama mtu aliyefutwa uso na kitambaa cha kushikia sufuria.

Mama alicheka aliponiona, kisha akaacha kucheka. "Uso si gunia, mwanangu," akasema. Akanipaka samli, akasugua kwa kidole gumba kama alivyokuwa akinisugua nikiwa mdogo. Michirizi ilififia ikabaki. Ndipo nikakumbuka wanawake wakimaliza kumenya ndizi, jinsi wanavyopangusa mikono kwa ndimu ili utomvu utoke. Nikachuma ndimu nyuma ya nyumba, nikakata, nikajisugua shavu lote na kuacha maji yake yakauke. Iliwasha penye kidonda, nikafurahi, maana nilidhani kuwasha ni kufanya kazi. Halafu nikaenda kugeuza kahawa iliyoanikwa kwenye mikeka, na nikashinda juani, siku ile na ya pili yake, kila asubuhi nikijipaka ndimu upya.

Utomvu ulitoka. Hilo lazima niliseme, kwa haki ya ndimu. Lakini shavu lilianza kuwaka kama limepigwa kofi, likavimba malengelenge, na Jumapili ya safari malengelenge yakapasuka na ngozi ikatoka kama ganda la kitunguu. Chini yake palikuwa na doa jeupe lenye wekundu, na ukingo mweusi umelizunguka. Nilipiga magoti mbele ya kioo, nikasogea kushoto, nikasogea kulia. Doa halikuwa na upande mzuri.

"Tuahirishe," nikamwambia baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga wangu.

"Wamekwisha kusikia kwamba tunakuja. Watu wakisubiri wageni wasipowaona, wanaanza kutafuta sababu." Akaniangalia shavu, akalitazama tena. "Dini niachie mimi. Na huo uso niachie mimi."

Nilimwachia. Hapo ningemwuliza atasema nini, lakini sikumwuliza.

Ngenge tulipokelewa vizuri. Baba wa binti alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mikono iliyopasuka kwa kulima ardhi mpya. Tulikalishwa, tukaletewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kila mtu akachukua punje zake. Baba mdogo akazungumza juu ya mvua, juu ya migomba michanga, juu ya Mungu kuwa mmoja tu kwa Walutheri na kwa Wakatoliki. Alizungumza vizuri sana, nilianza kupumua. Binti hakuonekana, ila nilisikia sauti yake jikoni.

Shangazi alikaa karibu na mlango. Alikuwa mwembamba, amejifunga kitambaa kichwani, na punje zake za kahawa alizishika tu mkononi bila kuzitia mdomoni. Baba mdogo alipotua kidogo, akasema, "Kijana asogee hapa mwangani."

Nikasogea na kigoda changu.

"Shavu hili limepatwa na nini?"

"Koroboi, dada," akajibu baba mdogo kabla sijafungua mdomo. "Ililipuka kidogo. Hawa walimu wa kisomo wanasoma mpaka taa inawachoka."

Baadhi yao wakacheka. Shangazi hakucheka. Hakumtazama baba mdogo; alinitazama mimi. "Uliungua, mwanangu?"

Nimefikiria mara nyingi kimya changu cha pale. Baba mdogo alikuwa amenipenda kwa kusema uongo, na kumkana mbele ya watu wa ugenini lilikuwa jambo baya kwa mtoto. Lakini nilisikia maneno ya binti, kwamba shangazi hakasirikii ugonjwa.

"Si koroboi, waitu," nikasema, kwa neno letu la heshima. "Ni ndimu."

"Ndimu."

"Nilijikata na wembe, nikapaka utomvu wa mgomba damu ikate. Utomvu ukabaki, nikautoa kwa ndimu. Ndimu ikaunguza."

Niliposikia maneno yangu mwenyewe yakitoka, hata mimi sikuyaamini. Ukweli ulikuwa mrefu na wa kipumbavu, na uongo wa baba mdogo ulikuwa mfupi na wenye adabu. Baba wa binti alifungua mdomo kama anayetaka kucheka, akatazama dada yake, akaufunga.

"Tangu lini ndimu inaunguza?" shangazi akauliza, bila ukali. "Mimi nimepangusa mikono kwa ndimu maisha yangu yote. Huyu anasema moto. Wewe unasema ndimu. Ya tatu mtaniambia lini?"

Akasimama akaingia ndani, na zile punje za kahawa akaziacha juu ya kigoda chake.

Baba wa binti alitusindikiza yeye mwenyewe mpaka njiani. "Hatujakataa," akamwambia baba mdogo. "Kahawa yetu mmetafuna. Lakini ngozi haina haraka. Mrudi msimu wa senene ukishapita. Ngozi itakuwa imejibu yenyewe." Kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ya huruma, jambo lililonitisha zaidi. "Kama kuna kitu, kijana wangu, utibiwe mapema."

Tulipokuwa Muleba tunasubiri basi, baba mdogo akasema, "Nimekujengea daraja, wewe umelibomoa ukiwa juu yake." Nikamwomba radhi. Akasema hakuna haja. Baada ya muda akaniuliza, akiwa anatazama upande mwingine, "Lakini ni ndimu kweli?" Hapo nikajua kwamba na yeye hakuwa na hakika, na kwamba ule uongo wake haukuwa wa kunipamba. Alinificha.

Kuanzia siku hiyo nami nikaanza kuwa na shaka. Babu yangu mzaa mama sikumjua. Alikufa kwa nini? Mama alisema kwa homa. Lakini nani angesema vingine? Nilikuwa nimesikia kwamba mahali penye ukoma hapasikii maumivu, basi nikawa nachuma mwiba kwenye mndimu uleule, na kila asubuhi nikijichoma shavu zima, halafu shavu lenye doa, nikilinganisha. Mwanzoni nilisikia kotekote. Baadaye, kwa kujichoma sana, sikuweza tena kujua kama ninasikia au ninakumbuka kusikia. Mama alinikuta mbele ya kioo na mwiba mkononi.

"Unashona nini?" akauliza.

"Mama, babu alikufa kwa homa kweli?"

Akauchukua mwiba, akautupa jikoni kwenye moto. "Alikufa kwa homa, na alikuwa na ngozi nzuri kuliko yako," akasema. Nilitamani angekasirika zaidi. Angekasirika ningemwamini zaidi.

Kwenye kisomo doa lilisomwa kabla ya ubao. Mzee mmoja, mwanafunzi wangu aliyekuwa hodari wa maneno na mzito wa herufi, alisema kwa sauti, "Mwalimu amepaka krimu, ila imekwisha kabla ya kufika shavu la pili." Wakacheka wote. Nami nikacheka, maana krimu ilikuwa aibu ndogo kuliko ile niliyoihofia. Ningeweza kuwaacha waamini hivyo. Niliwaambia ni ndimu, wakacheka zaidi.

Mwishowe nikaenda Bukoba, hospitali. Daktari alikuwa kijana, labda hakunizidi umri kwa miaka mingi. Alinifumbisha macho, akanigusa kwa pamba hapa na pale, akaniuliza inagusa wapi, nikamwonyesha. Akauliza nilijipaka nini. Nilipotaja ndimu na jua hakucheka hata kidogo.

"Basi ni hiyo," akasema. "Ndimu na jua haviendi pamoja kwenye ngozi. Palipo peupe patakuwa peusi, kisha patafifia polepole. Si ukoma. Na hizo ndevu, acha kuzinyoa mpaka ngozi ipone."

"Una hakika, daktari?"

"Wewe huna?"

Nikamwambia ninayo, nikatoka. Nilikuwa nayo mpaka stendi. Basi lilipoanza kupanda kuuacha mji na ziwa likabaki chini nyuma yetu, nikakumbuka kwamba alinitazama kwa muda mfupi sana, na kwamba pale nje walikuwa wakimsubiri watu wengi. Simlaumu. Mtu mwenye hofu hata ukimtazama kutwa nzima ataona ni muda mfupi.

Nikaacha kunyoa. Mwenyekiti alinisimamisha njiani. "Mwalimu, magugu."

"Daktari amesema, Mwenyekiti. Mpaka ngozi ipone."

Akafikiri. "Daktari ni wa serikali," akasema, "na mimi ni wa chama. Kwenye mambo ya chama nitakusumbua. Kwenye ngozi, msikilize yeye." Nilimwona mtu mzuri siku ile, na sikuwa nimemfikiria hivyo.

Vipele vilikauka vyote. Sikuwahi kuwa na shingo nzuri namna ile. Lakini ndevu ziliota, zikajikunja vizuri, zikaja mpaka juu ya shavu, na doa likaingia chini yake likapotea. Ilinichukua muda kuona nilichokifanya. Watu wa Ngenge walisema wangoje ngozi ijibu, nami nilikuwa nimeivalisha koti.

Binti alikuja Muleba kwenye kikao cha walimu. Tulisimama karibu na soko, mbali kidogo na wenzetu.

"Umefunga pazia," akasema.

"Daktari amesema nisinyoe."

"Shangazi hamjui daktari huyo."

"Nikinyoa nitakuja na vidonda. Nisiponyoa nitakuja nimejifunika. Nifanye nini?"

Alivishika vitabu vyake kifuani. "Sijui," akasema. "Mimi nimemwambia baba kwamba nitasubiri. Nimesema hivyo mbele ya shangazi, na shangazi hakusema kitu. Lakini namna ya kuja utaijua wewe. Sitaki kuwa kama yeye, nikagundue baadaye."

Haikuwa kauli ya kunitisha. Alikuwa anasema jambo lililo sawa. Kabla ya kurudi nyumbani nilinunua wembe mpya, ukiwa bado kwenye karatasi yake, nikautia mfukoni. Sikujua nitaufanyia nini.

Senene zilikuja, watu wakakimbizana nazo majanini, zikanyonyolewa, zikakaangwa, zikaisha. Tukaondoka tena kwenda Ngenge. Baba mdogo alibeba mfuko wa senene kavu aliouandaa mama. "Leo mimi ni mbeba senene," akasema. "Ukiona nafungua mdomo, nitie senene."

Tulipokelewa kama mara ya kwanza, labda kwa heshima zaidi, kama watu wanaopokewa ili waambiwe jambo. Kahawa ikaletwa. Shangazi alikuwa mahali pake pale mlangoni.

"Mliondoka na doa," akasema, "mmerudi na ndevu."

Baba mdogo akatazama mfuko wa senene.

Nikatoa wembe mfukoni. Karatasi yake ikapiga kelele. "Shangazi," nikasema, "nimekuja na wembe. Ninyoe wewe mwenyewe."

Hata sasa sijui kama yalikuwa maneno ya adabu. Shangazi yule alikuwa mahali pa mama mkwe, na mama mkwe hamgusi mkwe, wala mkwe hamkodolei macho. Baba wa binti akakohoa. "Dada, huyu ni kijana anayetaka kuoa hapa. Haifai umshike uso."

"Bado hajawa mkwe," akasema shangazi. "Akishakuwa sitamgusa." Akanyanyuka. "Leteni samli na maji ya moto."

Alinikalisha uani kwenye jua. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba ndiye aliyenyoa vichwa vya wafiwa na vya watoto wachanga kijiji kizima. Alinipangusa kwa maji ya moto, kisha akapaka samli mpaka ndevu zikalala, akasubiri. Mimi sikuwahi kusubiri. Mimi nilikuwa nikienda kinyume na ndevu kama mtu anayepalilia. Yeye alishuka nazo zinakoelekea, kidogo kidogo, huku mkono wa pili ukivuta ngozi. Vidole vyake vilikuwa vikavu, na nilihisi kwamba vilikuwa vinasoma. Shavu zima lilitoka kwanza. Halafu akageukia la pili.

Niliona kwa macho ya wengine doa linavyotokea, maana wote walisogea. Lilikuwa jeusi sasa, kama kivuli cha jani. Baba mdogo alikuwa ameshika mfuko kwa mikono miwili. Binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko.

Wembe ulifika katikati ya doa, ukanichoma. Niliruka. "Ai," nikasema, na machozi yakanilenga.

Shangazi akatulia, wembe hewani. "Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Wapi?"

"Hapo."

"Hapo wapi? Gusa."

Nikagusa katikati ya doa. Kidole kikatoka na damu. Akanitazama machoni kwa muda mrefu, halafu akamgeukia kaka yake.

"Amesikia," akasema.

Baba wa binti akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu msimu wa kahawa. Damu ilikuwa inashuka shingoni. Shangazi, bila kufikiri, akanyoosha mkono kwenye mgomba mchanga uliokuwa karibu, akavunja jani, akakamua utomvu, akauleta shavuni kwangu. Nikamshika kifundo cha mkono.

"Shangazi, utomvu hapana."

Aliuangalia mkono wake, akaliangalia lile jani. Kisha akacheka, kicheko cha chini kama cha binti, mpaka akakaa chini kwenye majani. "Basi ni kweli," akasema. "Ni ndimu." Akanikandamiza jeraha kwa pindo la kitambaa chake mpaka damu ikakata. Kaka yake akaagiza lubisi, pombe yetu ya ndizi, ya kukaribisha wageni, na baba mdogo akapata ruhusa ya kuzungumza, akaitumia yote.

Tulioana baada ya Pasaka. Mzee yule wa kisomo alikuja harusini, akasema sasa mashavu yangu yamepatana. Ninanyoa kwa mafuta na maji ya moto, hata sasa ndevu zikiwa nyeupe, na ninashuka nazo zinakoelekea. Vipele vinakuja mara chache. Doa limefifia kiasi kwamba ni mimi tu ninayejua lilipo, na nina kioo kizima, lakini bado huwa ninalitafuta.

Shangazi alitimiza neno lake. Tangu tulipokuwa wakwe hakunigusa tena wala hakunitazama usoni. Tulipokutana alinisalimia akiwa ameinamisha macho, nami nikiyainamisha yangu, kwa miaka yote mpaka alipofariki. Kwa hiyo sikupata namna ya kumwuliza kama siku ile mkono wake uliteleza au la. Mke wangu anasema mkono wa shangazi haukuwahi kuteleza. Mimi, nisije nikamsingizia marehemu, husema wembe ulikuwa mpya.